Pazia la Chumba cha Sindano

Siku Fundi alipomtia machoni Mama Kovu kwa mara ya kwanza, aliambiwa avue shati kabla hajaulizwa hata jina.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini hospitalini. Alikuwa ameajiriwa kushona: mashuka yaliyochanika, magauni ya wagonjwa, foronya, mapazia. Kila mfanyakazi mpya alipaswa kupita chumba cha sindano achanjwe kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa chumba chake. Fundi, ambaye tangu utotoni alikuwa akiona haya hata kukohoa mbele za watu, alisimama mlangoni ameishika kola yake kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

“Ingia baba, hatuli watu humu,” akasema mwanamke mfupi mnene aliyekuwa anamenya chungwa. “Shati.”

Akavua. Mwanamke akaliweka chungwa kando, akanawa, akavitia vidole vyake kwapani vipate joto, kisha akaushika mkono wa Fundi na kuugeuzia kwenye mwanga. Hakutafuta mahali pa kuchoma. Alilitazama kovu dogo la zamani karibu na bega, lile la chanjo ya kifua kikuu ambayo watu huchanjwa wakiwa wachanga.

“Nani alikuchoma hapa?”

“Sijui. Nilikuwa mtoto.”

“Ehe?”

“Nilikuwa mtoto.”

“Ongea kwa sauti, hakuna mtoto aliyelala humu. Huyo aliyekuchoma alikuwa na haraka zake. Tazama, kovu limekaa kama kifungo kilichoshonwa kombo. Na wewe ni fundi cherehani. Ungempokea mtu kazi kama hii?”

Fundi akasema hapana, kifungo kama hicho angekifumua. Alishangaa kujisikia amesema sentensi nzima. Akacheka, na alipomaliza kucheka sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka.

Ndivyo Mama Kovu alivyokuwa. Alianza hospitalini akiwa na miaka kumi na tisa kama mfagiaji wa wodi ya wazazi, na muuguzi mmoja mzee akamwona ana mkono usiotetemeka, akamfundisha kuchoma. Chanjo ile ya kifua kikuu si ya kudungwa kwenye nyama. Ni tone dogo tu linalopelekwa ndani ya ngozi yenyewe, sindano imelazwa karibu na mkono, hadi ngozi inyanyuke lengelenge jeupe lenye vishimo kama ganda la chungwa. Ukizidisha kina kidogo, umeharibu. Ndiyo maana alifundishwa kwa machungwa, na yeye akawafundisha wengine kwa machungwa, na jioni aliyala yote. “Haya yamechomwa mara hamsini hamsini,” alikuwa akisema. “Hakuna ugonjwa utakaonigusa.”

Aliwachoma watoto kwa miaka thelathini na zaidi. Nusu ya watu wa mji ule walikuwa na alama ya mkono wake. Akiwa sokoni au kwenye foleni ya maji, kijana mwenye misuli angemkunjia mkono wa shati badala ya kumwamkia, naye angepapasa kovu kwa kidole gumba na kusema, “Huyu wangu.” Au angebetua mdomo na kusema, “Huyu si wangu, kamdai mwenyewe.” Hapo ndipo jina lilipotoka. Mumewe alikuwa amefariki zamani, binti yake mmoja ameolewa mji wa mbali, na yeye aliishi vyumba viwili nyuma ya jiko la hospitali, na redio isiyozimwa. Akitembea, mkono wa kushoto alikuwa ameutia mfukoni daima, majira yote. Watu walidhani ni maringo. Alimwambia Fundi sababu: vidole vya baridi humliza mtoto kabla hata ya sindano, na yeye hapendi lawama asiyostahili.

Chumba cha kushonea kilitazamana na chumba cha sindano, katikati ni ujia wa hatua nne. Kwa miaka kumi na miwili Fundi alikanyaga cherehani yake akimsikiliza Mama Kovu akiwatania watu, na watu wakimjibu. Yeye mwenyewe alikuwa na maneno machache kwa siku, na mengi ya hayo aliyatumia kwake.

Katika mwaka wa kumi na mbili ndipo macho ya Mama Kovu yalipoanza kuingia ukungu.

Fundi aligundua kabla ya wengine, kwa sababu ya kazi yake. Mama Kovu alikuja siku moja kushona kifungo cha sare, akajaribu kutunga uzi mara sita, kisha akamsukumia sindano na kusema, “Nitungie mdogo wangu, mimi vidole vina mafuta.” Vidole havikuwa na mafuta. Fundi akatunga, akamrudishia. Baada ya hapo alikuja kila wiki na sindano ya kutungiwa, na kila wiki vidole vilikuwa na kisa kipya.

Mwaka huohuo ukaja utafiti.

Aliyeuleta alikuwa daktari msichana mwembamba mwenye kompyuta begani. Wazee wakamwita Daktari Mdogo, naye akaitikia. Walitafutwa watu mia mbili na arobaini wenye umri wa miaka sitini na kuendelea. Nusu yao wangechomwa tena chanjo ile ya utotoni, nusu wangechomwa maji ya chumvi, na hakuna ambaye angejua nani kapata nini, si wao wala mchomaji. Mfamasia aliyaleta mabomba madogo ya sindano yakiwa na namba tu, na tone lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba ungeyapanga pamoja usione tofauti. Kisha wangefuatwa kwa mwaka mzima wakiulizwa kuhusu homa, mafua na vifua.

Mama Kovu ndiye aliyewaeleza wazee pale kwenye benchi, na Fundi alisikia kila neno.

“Mwilini mna askari wa aina mbili,” alisema. “Kuna wanaokariri sura ya adui mmoja mmoja, hao ndio tunaowafundisha kwa chanjo siku zote. Halafu kuna wale wa mlangoni, unazaliwa nao. Hao hawajui sura ya mtu, wanampiga yeyote asiye wa nyumbani. Mimi nilisoma kwamba hawa wa mlangoni hawafundishiki, walivyo ndivyo walivyo. Sasa wasomi wanasema sivyo. Ukiwasumbua kidogo kwa chanjo hii, wanakaa macho miezi mingi, na hata ugonjwa mwingine kabisa ukibisha hodi, wanaruka upesi. Ndicho tunachotaka kujua, kama ni kweli kwa watu wazima kama ninyi.”

“Yaani askari wangu wanarudishwa depo kufunzwa wakati wa kustaafu?” akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata juani, ambaye wote walimwita Mzee Kofia. Alikuwa fundi viatu zamani.

“Wanarudi depo, mzee wangu.”

“Wangu waache walale, Mama Kovu. Wamechoka, na wana magoti.”

Benchi zima likacheka. Lakini alijiandikisha.

Fundi naye alipewa sehemu yake. Chanjo ya kweli huacha alama: baada ya wiki chache hutoka kipele, kikavunda kidogo, kikafunga gaga. Wauliza maswali wangeona alama wangejua nani kapata dawa. Kwa hiyo Daktari Mdogo alitaka kila mzee avae mkanda wa kitambaa juu ya mkono, wa buluu kwa wanaochomwa asubuhi na wa kijivu kwa wanaochomwa mchana, ili foleni zisichanganyike. Kila mwezi wangepita kwa Fundi kubadilishiwa mkanda uliolegea, na ni yeye peke yake angeona mikono.

“Nimeulizia hospitali nzima,” Daktari Mdogo alimwambia. “Wote wamesema wewe huongei.”

Fundi akatia sahihi karatasi kwamba hatasema lolote kuhusu alichokiona kwenye mkono wa mtu.

Wiki uchomaji ulipoanza, Mama Kovu alimwita. Dirisha la chumba cha sindano lilitazama magharibi, na pazia lake lilikuwa zito, lenye kitambaa cheusi ndani. Fundi ndiye aliyelishona, tabaka mbili, kwa maelekezo kwamba jua lisipite.

“Litoe ukalishone pindo, limefumuka,” alisema.

Fundi akalikagua pindo. Halikuwa limefumuka. Akamtazama Mama Kovu, akaona meza ya sindano imeshasogezwa hadi chini ya dirisha.

“Dawa je?” akauliza.

“Sinia nitalifunika. Nipe kipande cha kitambaa chako cheupe. Na pazia usilikimbize, sina haraka nalo.”

Fundi akalishusha, akalikunja, akaliweka rafu ya juu chumbani kwake. Alielewa kwamba anataka mwanga wa kuonea lengelenge. Aliona ni siri ndogo, kama ile ya vidole vyenye mafuta, na siri ndogo alikuwa hodari kuzitunza.

Wazee wakaanza kuja kubadilisha mikanda. Fundi alifungua mkanda, akafunga mwingine, akasema “pole” au “haya”. Alikuwa na kimto cha pini mezani, na bila kukusudia sana akaanza kukitumia kupigia hesabu: pini upande wa kulia kwa kila mkono wenye kipele, upande wa kushoto kwa kila mkono mtupu. Mikanda ya buluu ilikwenda nusu kwa nusu, kama ilivyotegemewa. Mikanda ya kijivu yote iliangukia kushoto. Mkono wa kumi, wa ishirini, wa thelathini na nne: ngozi laini, kama haijawahi kuguswa.

Fundi aliishia darasa la saba, lakini hakuhitaji zaidi ya hapo. Jua lilifika kwenye lile dirisha baada ya saa sita mchana. Alitoa kipande cha kitambaa cheupe, ndugu wa kile kilichofunika sinia, akakinyanyua mbele ya dirisha lake. Aliona vidole vyake vyote vitano kwa upande wa pili. Kilikuwa kitambaa cha kuchujia, chepesi kama chandarua. Kwa macho yenye ukungu kingeonekana kizito. Alikuwa amemsikia Mama Kovu akiwaambia wanafunzi mara mia kwamba dawa ile ni viini hai vilivyodhoofishwa, na kwamba jua la muda mfupi tu linaviua. Wazee wa mchana walikuwa wanachomwa maji, wote, na utafiti mzima ungehesabu nusu yao kuwa wamepata chanjo.

Angesema. Aliamua angesema Jumatatu.

Jumatatu alifika hadi mlangoni kwa Mama Kovu akakuta ana mtu. Jumanne alikuwa peke yake, akamwambia, “Fundi, una uso wa mtu aliyemeza kifungo,” wakacheka, naye akarudi kwenye cherehani yake. Wiki ya pili alijiambia ametia sahihi karatasi, na karatasi ni karatasi. Wiki ya tatu alijiambia huenda ni bahati tu, pini zitahamia kulia. Mkewe akamuuliza kwa nini siku hizi anatafuna bila kumeza, akasema ni jino. Angemwambia nini Mama Kovu? Kwamba mkono ule ambao mji mzima unautembeza mabegani umeharibu? Na kwamba pazia lilikuwa kwenye rafu ya Fundi mwenyewe, kwa ridhaa yake? Uchomaji uliendelea. Mikanda ya kijivu ikafika hamsini, ikafika sabini.

Wiki ya nne alichomwa Mzee Kofia, mchana. Alitoka akishika mkono na kumwambia Fundi, “Nimesikia wakiamka, wanauliza chai iko wapi.” Fundi akamfunga mkanda wa kijivu. Alichelewa kidogo kwenye fundo, akidhani labda kinywa kitafunguka chenyewe. Hakikufunguka.

Wiki ya saba Mzee Kofia aliletwa na homa ya mapafu. Alikaa wodini siku tano. Siku ya sita Fundi aliletewa shuka lake pamoja na mengine, kushonwa, na muuguzi akamwambia kwamba amefariki alfajiri. Kama namba yake ilikuwa ya dawa au ya chumvi, hakuna aliyejua. Na kama ilikuwa ya dawa, na dawa ingekuwa hai, kama ingemsaidia, hilo ndilo swali ambalo utafiti wote ulikuja kuliuliza.

Fundi alilishona lile shuka. Kisha akapanda kwenye kiti, akashusha pazia kutoka rafuni, akavuka ujia na kulitundika. Chumba kikaingia giza.

“Nani kakutuma?” Mama Kovu akauliza. Alikuwa anapanga pamba.

“Hakuna.”

“Basi toa, sioni.”

“Najua,” akasema Fundi. “Najua huoni.”

Mama Kovu akaacha pamba. Fundi akakichukua kile kitambaa cheupe kutoka kwenye sinia, akafungua pazia kiasi cha kiganja, akakishika kwenye mwanga, akamwomba asogee karibu kabisa, pua ikaribie kugusa. Mama Kovu akasogea. Akatazama kwa muda mrefu. Fundi akasema mikanda ya kijivu haina alama hata moja. Alisema polepole na kwa sauti ya chini, lakini safari hii hakuambiwa aongeze.

Mama Kovu akakaa kwenye stuli ya wagonjwa, ile ambayo hakuwahi kuikalia.

“Umejua lini?”

“Juzi,” akasema Fundi.

Mama Kovu akatikisa kichwa. Akavitazama viganja vyake, juu na chini, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuinunua. Halafu akainuka, akavua aproni, akaikunja mara nne.

“Wewe rudi kwenye cherehani yako. Hukuja humu. Karatasi yako ile isije ikakufukuzisha kazi.”

Alikwenda kwa Daktari Mdogo kabla ya saa moja kupita. Fundi alisikia baadaye alivyosema: kwamba macho yake yamekufa, kwamba alijua na akaficha, kwamba aliondoa pazia kwa hiari yake, na wazee wote wa mchana warudiwe. Alipoulizwa amegunduaje, alisema ameota. Daktari Mdogo alilia; Mama Kovu hakulia. “Usilie, Daktari mwanangu,” alisema. “Andika. Namba moja moja.”

Wazee wa mchana wakaitwa tena, wale waliokubali. Sindano alipewa mwanafunzi wake wa zamani, na wa kwanza kutoa machozi kwenye foleni alikuwa bibi mmoja aliyesema hachomwi na mwingine asipokuwa Mama Kovu. Ikabidi Mama Kovu aje amshike mkono wakati anachomwa. Utafiti ulipokwisha, Daktari Mdogo alisema wapo walioonekana kuugua kidogo zaidi na wapo ambao hapakuwa na tofauti, na kwamba watu zaidi wanahitajika. Fundi akaelewa kwamba jibu bado. Daktari alimshukuru kwa mikanda.

Mama Kovu aliwekwa meza ya kuandikisha, ambako aliwajua watu kwa sauti, na kwa sababu kuandika hakuweza, aliwaitia majina na karani akaandika. Sokoni watu waliendelea kumkunjia mikono. Akawa anapapasa na kusema “Sijui” kwa wote. Sindano ya kutungiwa hakuileta tena kwa Fundi, na Fundi hakuuliza. Kila siku alijiambia kwamba atavuka aseme ukweli wa ile “juzi”, na kila siku ujia wa hatua nne ulikuwa mrefu.

Kabla mwaka haujaisha binti yake Mama Kovu alikuja kumchukua, akaishi naye na afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Gari dogo la mizigo lilisimama nyuma ya jiko saa tano asubuhi. Godoro, ndoo mbili, sanduku, redio. Fundi alitoka na kifurushi cha kitambaa cheusi, mabaki ya lile pazia. Ndani alikuwa amechomeka sindano arobaini, kila moja imetungwa uzi, mweusi upande mmoja na mweupe upande wa pili.

Mama Kovu alikuwa ameshapanda kiti cha mbele. Akavipitisha vidole juu ya sindano, moja baada ya moja.

“Arobaini?”

“Arobaini.”

“Nitakapozimaliza hizi nitakuwa naona, au nitakuwa sihitaji.” Akakikunja kifurushi, akakiweka mapajani. “Nipe mkono.”

Fundi akakunja mkono wa shati, akaupitisha dirishani. Kidole gumba kikalitafuta kovu, kikalipata, kikakaa.

“Bado kombo,” alisema.

Hawakuonana tena. Upasuaji ulifanyika, jicho moja likarudi, na miezi minane baadaye moyo ukasimama akiwa amekaa kibarazani kwa binti yake. Habari ililetwa na mkwewe, aliyeendesha gari lile la mizigo. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo. Mkwewe aliwasha gari, injini ikanguruma, vigae vya jikoni vikatetemeka. Fundi alikuwa bado ameushika mlango. Akapiga moyo konde.

“Haikuwa juzi,” akasema. “Nilijua wiki saba. Kabla ya Mzee Kofia.”

Mama Kovu akatoa kichwa dirishani, akamgeuzia sikio.

“Sikusikii, Fundi. Ongea kwa sauti, hakuna mtoto aliyelala.”